Nilivyofuatilia michango ya darasa kijijini, na karatasi zilizotusaidia

Kama kijijini kwenu kuna boma la darasa lililokwama usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, miaka nenda rudi, mbuzi wanalala ndani, na kila mkiuliza mnaambiwa "tunaisubiri halmashauri", haya ninayoandika yanaweza kukuokolea nauli na maneno ya watu. Mimi ni fundi cherehani. Sheria sijasomea, nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikafungua kibanda cha kushona karibu na ofisi ya kijiji. Ninachokijua kuhusu serikali nimekijua kwa kukaa kwenye mabenchi yake nikisubiri kuitwa.

Kijiji chetu kiko mkoani Tanga, ukanda wa michungwa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani waliletwa shule kwa mkupuo, na shule yetu ya msingi ikaelemewa. Kiwango cha wizara ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Chumba alichosomea mwanangu wa pili kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, wengine wanaandikia magotini. Kwa hiyo mkutano mkuu ulipoitishwa kujadili darasa jipya, hakuna aliyelazimishwa. Tulinyoosha mikono wenyewe: kila kaya shilingi 20,000, pamoja na siku za msaragambo za kusomba mawe na mchanga. Makubaliano yalikuwa yale yanayojulikana kote nchini, kwamba nguvu za wananchi zifikishe jengo usawa wa lenta, kisha halmashauri ya wilaya iezeke na kumalizia.

Ukuta ulipanda. Lenta ikamwagwa. Halafu kimya.

Kilichonitoa kibandani, hata hivyo, ilikuwa baiskeli, maana boma nilikuwa nimeshalizoea. Mgambo walikwenda kwa jirani yangu aliyekuwa amebakiza nusu ya mchango, wakachukua baiskeli yake na kuiegemeza kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Jirani yule alikuwa anabebea machungwa kwa baiskeli hiyo. Bila hiyo hata hiyo nusu angeipata wapi? Nikaenda na mkewe kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu anayeheshimika na ambaye ana Katiba na vitabu vya sheria ndani ya sanduku la bati.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa ajili ya baiskeli?" Habari ilishamfikia.

Akatufundisha swali moja tu la kwenda kuuliza: sheria ndogo inayoruhusu kuchukua mali ya mtu iko wapi, na imeidhinishwa lini? Kijiji kina mamlaka ya kujitungia sheria ndogo, lakini ina njia yake. Halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo, wananchi wanajadili kwenye mkutano mkuu, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya hapo ni karatasi tu. Tulipouliza, tulioneshwa rasimu iliyopigwa muhuri wa kijiji na haikuwa na kitu kingine. Haijawahi kutoka nje ya droo ile. Baiskeli ilirudi jioni ileile, haikusemwa neno, na haikuombwa radhi.

Niweke na hili hapa kwa sababu nimelisikia likiulizwa sana: mtoto harudishwi nyumbani kutoka shuleni kwa sababu mzazi hajalipa mchango wa ujenzi. Mchango wa jamii ni suala la serikali ya kijiji na mzazi, mtoto hahusiki.

Sasa tukaja kwenye fedha. Mtendaji aliyezikusanya alikuwa amehamishwa. Tulipomuuliza mwenyekiti, akasema hesabu zote anazo mtendaji. Mtendaji mpya, kijana mpole, akasema hakukabidhiwa. Tulizunguka hapo kwa miezi, tukijibiwa kwa heshima na kutoka mikono mitupu.

Mwalimu ndiye aliyenikalisha akanieleza nani ni nani, na ningependa kila mtu alijue hili kabla hajapanda bodaboda kwenda popote. Mwenyekiti wa kijiji tunamchagua sisi kwa miaka mitano. Hana mshahara, na wengi wao wanalalamika kwa haki kabisa kwamba kazi ni kubwa na posho haionekani. Anaongoza halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji. Mtendaji hatumchagui. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ndiye katibu wa vikao vyote, ndiye anayetunza kumbukumbu, na bosi wake ni mkurugenzi. Akihamishwa, lazima kuwe na makabidhiano ya maandishi. Kwa hiyo "sikukabidhiwa" haiwezi kuwa mwisho wa mazungumzo. Ni taarifa ya kosa la mtu mwingine, na mwenye kazi ya kulishughulikia ni mwajiri wao wote wawili.

Juu ya hao wote kuna mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Sheria ya serikali za mitaa, ile Namba 7 ya mwaka 1982, inautaja kuwa ndio chombo chenye mamlaka ya juu kijijini, na unatakiwa kukutana walau kila miezi mitatu, ukisomewa mapato na matumizi. Wetu ulikuwa haujakaa kwa zaidi ya mwaka. Na hapa sisi wananchi tusijitoe. Mara nyingine mkutano ulikuwa umetangazwa, matangazo yakabandikwa, watu wakaenda shambani au mnadani, akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, haikutimia, ukaahirishwa. Asiyependa kuulizwa anafurahi sana akidi isipotimia. Hahitaji kufanya lolote, tunamfanyia sisi.

Watu wengine kijijini walikuwa wameshakwenda kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu ndiye anayeonekana mkubwa na ana gari lenye bendera. Waliandika malalamiko kurasa nne. Mkuu wa wilaya ni mteule wa Rais na yupo upande wa serikali kuu. Watumishi wa kijiji na kata wako chini ya mkurugenzi. Akaandika maelekezo pembeni ya karatasi yao, karatasi ikaenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi akaishusha kata, kata ikaishusha kijijini, ikaangukia mezani kwa mtendaji yuleyule aliyesema hakukabidhiwa. Wazee wale walitumia nauli ya kwenda mjini ili barua yao irudi mita mia mbili kutoka nyumbani.

Sisi tulianzia chini. Kijijini kwanza, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi, barua kila hatua, na kila barua ikitaja ile iliyotangulia na tarehe yake. Inachosha. Lakini ukifika juu huna mtu wa kukuambia "rudi ukaanzie kwenu".

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wachache, wengi wanawake wa vikoba. Rasimu ya kwanza iliandikwa usiku kwa hasira na neno "wizi" lilikuwamo mara nyingi. Mwalimu aliisoma, akatuuliza: nani kati yenu alimuona mtu akiiba? Hakuna. Basi akaichana. Ukishaandika kwamba fulani ameiba, wewe ndiye unayedaiwa ushahidi, na unaweza kuitwa polisi wewe kabla yake. Barua iliyokwenda ilikuwa nusu ukurasa. Iliomba vitu vitatu: jumla ya fedha zilizokusanywa kwa stakabadhi, jumla ya zilizotumika na vielelezo vyake, na salio lililopo kwenye akaunti ya kijiji benki. Tulitaja Ibara ya 18 ya Katiba, inayotupa haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30, na ikikataa ieleze sababu. Tulitaja pia Ibara ya 27, ambayo watu huisahau: kulinda mali ya pamoja ya wananchi ni wajibu wetu. Mwalimu alipenda ibara hiyo kuliko zote. Alisema inamziba mdomo anayekuuliza "wewe inakuhusu nini?"

Kuna jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Usiipeleke barua ukiwa na nakala moja. Chapa mbili, zote mbili uingie nazo masijala, pale ofisi inapopokelea barua, ya kwanza wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Kijijini hakukuwa na masijala, kwa hiyo tulimuomba mtendaji aandike "nimepokea", tarehe na saini. Alisita. Tukasubiri pale pale bila kubishana mpaka akasaini. Baadaye, ofisi ya wilaya iliposema haijawahi kuona maombi yetu, nilitoa nakala yenye muhuri wao wenyewe kwenye mfuko wa nailoni, na mazungumzo yakabadilika hapo hapo.

Siku 30 zilipita bila jibu. Tukaandika barua ya kukumbushia. Nauli na kuchapisha kwa stesheneri tulichanga wenyewe, na siku za wilayani cherehani ililala. Siku nyingine nilikuta afisa ninayemtaka yuko semina, au mtandao hauko. Kazi ya kushona sare za shule, niliyokuwa naitegemea kila Januari, alipewa mtu mwingine mwaka ule. Sikuelezwa kwa nini na sikuuliza.

Gharama iliyoniuma zaidi haikuwa ya pesa. Nilianza kuulizwa "umetumwa na nani?" Kijijini kwetu ukiuliza jambo la fedha watu wanatafuta kwanza chama chako. Wateja wengine wakapunguza miguu. Shangazi wa mume wangu alikuja kutoka kijiji cha pili kumshauri mpwa wake anitulize kabla sijaleta balaa nyumbani. Mume wangu alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Shangazi, na mimi nilichanga." Hakuongeza neno. Lakini kuna usiku nilikaa nikiwaza kuacha, na kama tungekuwa watu wawili tu katika kikundi, nadhani ningeacha. Msiende peke yenu. Barua yenye saini za watu ishirini hairudi na jina la mtu mmoja la kushughulikiwa.

Hatimaye mkurugenzi alimtuma mkaguzi wa ndani. Alikuwa dada mmoja mwenye sauti ndogo, alikaa na madaftari ya kijiji akiyafunua ukurasa kwa ukurasa, akaomba kila aliyechanga alete stakabadhi yake. Hapo ndipo ilipobainika nani alitunza na nani aliifungia sukari ya duka. Mimi yangu ilikuwa ndani ya kitabu cha vipimo vya wateja, kwa bahati tu. Aliyelipa bila kupewa stakabadhi hakuwa na la kusema, hata kama kijiji kizima kilimuona akilipa.

Mkutano mkuu ulioitishwa baada ya ukaguzi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye matawi ya mwembe. Taarifa ilisomwa. Vitabu kadhaa vya stakabadhi havikuonekana. Fundi alilipwa bila mkataba wa maandishi. Saruji iliyonunuliwa mapema iligandia stoo kwa sababu mchanga ulichelewa, na mchanga ulichelewa kwa sababu siku za msaragambo watu hawakujitokeza. Sehemu hiyo ilisomwa kwa haraka lakini tuliisikia. Na mkaguzi alipotaja kaya ambazo hazikuchangia hata shilingi, baadhi ya waliokuwa wanapiga kelele nyuma walinyamaza. Ukweli ni kwamba nilikwenda pale nikitegemea kupata mwizi mmoja. Nilichopata ni kiasi fulani cha fedha ambacho hakina maelezo, na kiasi kingine, kikubwa tu, kilichopotea kwa uzembe wa wengi, sisi tukiwemo.

Watu wakaanza kudai mtendaji wa zamani aletwe siku ileile. Mwalimu akanyoosha mkono, akaomba jambo ambalo wengi waliliona dogo: maswali yetu yote na majibu yaliyotolewa yaandikwe kwenye muhtasari, na maazimio yasomwe kabla hatujatawanyika. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kama ungesoma aya moja tu ya maneno yangu ningependa iwe hii.

Kikao cha serikali huanza kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuuthibitisha. Agenda inayofuata ni yatokanayo. Swali lililoandikwa kwenye muhtasari litarudi lenyewe kwenye yatokanayo, hata kama aliyeliuliza amesafiri au amekufa, na mtendaji lazima aseme limefikia wapi. Swali ambalo halikuandikwa limekwisha siku hiyo hiyo, hata kama lilipigiwa makofi. Tulikuwa tumepiga makofi kwa miaka. Kwa hiyo muhtasari ukisomwa, sikiliza kwa makini, na kama hoja yako haimo, simama kabla haujathibitishwa. Ukishathibitishwa na kusainiwa ndio ukweli wa kijiji.

Muhtasari ule ule ndio ulioezeka darasa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukienda kuomba mwezi wa Juni umechelewa. Vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, vinapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, vinakwenda baraza la madiwani, ndipo bajeti inapanda juu hadi bungeni Dodoma. Boma letu halikuwahi kufika kata kwa maandishi hata mara moja. Kila mtu alidhani mwenzake amelipeleka. Safari hii azimio la mkutano mkuu liliambatanishwa na muhtasari, diwani akalishika, na fedha za umaliziaji zikaja mwaka wa fedha uliofuata.

Zilipokuja, niliwekwa kwenye kamati ya mapokezi. Kwa utaratibu wa force akaunti, yaani kujenga kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, kijiji na shule huunda kamati: moja ya ujenzi, moja ya manunuzi, moja ya kupokea vifaa. Watu wanaidharau kamati ya mapokezi, wakati ndiyo inayosaini kwamba kilichoandikwa kimefika. Makisio ya mhandisi yalisema bati za geji 28. Gari likaja na bati ambazo fundi wetu alizikunja kwa vidole akacheka: geji 30. Dereva akatuomba tusaini tu, tofauti ataimaliza na ofisi. Hatukusaini. Alipiga simu nyingi, akaondoka na bati zake, zikarudi nyingine baada ya wiki. Kama uko kwenye kamati ya namna hii, omba nakala ya makisio mapema, na nenda na mtu anayejua vifaa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulipokaribia, wanawake wa vikoba walinisukuma nigombee. Sheria inataka mgombea awe na miaka 21 au zaidi na adhaminiwe na chama. Mgombea binafsi hakuna. Sikutaka kuvaa rangi ya chama chochote wakati bado naulizwa nimetumwa na nani, nikakataa, na wengine hawajanisamehe. Badala yake tulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba kadi ya mpiga kura peke yake haitoshi. Orodha ya wapiga kura wa kitongoji ni nyingine, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ambalo ndilo la kadi hizo, na mwaka ule uandikishaji wake ulikuwa wa siku kumi tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Wapo waliokuja siku ya kupiga kura wakiwa na kadi mkononi wakarudishwa, mmojawapo akiwa yule yule mwenye baiskeli. Alikuwa amesafiri na mzigo wa machungwa siku zote za kujiandikisha.

Darasa linatumika. Fedha zisizo na maelezo hazijarudi. Suala hilo bado lipo kwenye yatokanayo, na tumeshapata mtendaji wa tatu tangu lianze. Naye kila robo analisoma na kila robo jibu ni kwamba lipo wilayani. Mkutano uliopita tuliazimia barua nyingine ya kukumbushia, na safari hii nakala iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Nimeshaichapa, nakala tatu.